Msumeno wa meza uchaguliwe kwa umeme na ulimi wake, si kwa ukubwa wa diski

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nijibu ushauri uliotolewa humu hivi karibuni na msomaji mwenzangu, aliyewaambia wanaotaka kuanzisha karakana ndogo ya useremala nyumbani kwamba wanunue msumeno wa meza, ile mashine ambayo diski yake yenye meno huchomoza juu ya meza, mkubwa kadiri mfuko unavyoruhusu, wenye diski pana na mota yenye nguvu za farasi nyingi, na kwamba mengine watayajua wakishaanza kazi. Namheshimu mwandishi huyo na ninaamini aliandika kwa nia njema, lakini kwa sisi tunaoishi Bukavu ushauri huo unaweza kumfikisha mtu kwenye hasara ya fedha na, lililo baya zaidi, hasara ya vidole. Mimi ni seremala wa Kadutu. Vijana waliomaliza shule za ufundi, na hata walimu waliostaafu wanaotaka kujitengenezea kabati na vitanda, hunijia kabla ya kununua mashine, na yale ninayowaambia ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa: watazame kwanza umeme wao, kisha ulimi, kile chuma kinachosimama nyuma ya diski.

Swali la kwanza linalopaswa kuulizwa si nguvu ya mashine, bali ni umeme gani unaofika nyumbani. Umeme wetu wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ambao sehemu yake kubwa hutoka kwenye mitambo ya mto Ruzizi, unatakiwa kuwa wa volti 220 na mizunguko 50 kwa sekunde. Lakini kila anayekaa Kadutu, Bagira au Panzi ameona jinsi taa zinavyofifia jioni wakati mtaa mzima unapika. Anayetaka kununua msumeno na aazime multimeta, kifaa kidogo cha kupimia volti ambacho kila fundi umeme anacho, apime soketi ya mahali atakapofanyia kazi asubuhi, adhuhuri na jioni kwa juma zima, na aandike namba hizo kwenye daftari kabla ya kwenda dukani.

Namba hizo zina maana kubwa kwa sababu mota za indaksheni, zile nzito zisizo na makaa ndani (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), ambazo ndizo zinazofungwa kwenye misumeno ya kudumu, hupoteza nguvu ya kuzungusha haraka kuliko volti zinavyoshuka. Nguvu hiyo hufuata mraba wa volti. Umeme ukishuka kutoka volti 220 hadi 170, tumepoteza chini ya robo ya volti, lakini nguvu ya kuzungusha iliyobaki ni kama asilimia 60 tu. Diski ikikutana na ubao mgumu hupunguza mwendo, mota huvuta ampea nyingi zaidi ili iendelee kuzunguka, koili hupata moto, na harufu ya vanishi inayoungua huanza kutoka. Mota kubwa haimwokoi mtu na jambo hili. Mara nyingi hulizidisha, kwa kuwa huvuta umeme mwingi zaidi katika waya uleule na kuzishusha zaidi volti ambazo tayari zilikuwa chini.

Waya wenyewe nao usisahauliwe. Nyumba nyingi za hapa zimejengwa kwenye mteremko, mita iko juu karibu na barabara na karakana iko chini nyuma ya jiko, na mtu huuvuta umeme kwa waya mrefu ule ule anaotumia kwa redio. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 0.75, ukivutwa mita 30, hupoteza karibu volti 17 msumeno unapovuta ampea 12, na wakati wa kuwasha, ambapo mota ya indaksheni huvuta ampea mara tano hadi saba ya zile za kazi, upotevu huo huwa mkubwa kiasi kwamba mota hunguruma bila kuzunguka. Waya wa milimita za mraba 2.5 kwa umbali huohuo hupoteza volti 5 tu. Kwa hiyo, yule aliyejiwekea akiba ya msumeno, atenge kwanza fedha ya waya mzuri, ya soketi imara na ya kikata umeme chake peke yake, hata kama itambidi anunue msumeno wa daraja la chini kidogo. Na kama anategemea jenereta, akumbuke kwamba ampea za kuwasha ndizo zitakazoamua ukubwa wa jenereta hiyo. Mota ya indaksheni ya kilowati 1.5 haiwashwi vizuri na jenereta ya kilowati 2, hata kama hesabu ya darasani inaonyesha kuwa inatosha.

Sasa nije kwenye aina za misumeno, kwa maana hapa ndipo msomaji mwenzangu alipopita haraka mno. Kuna misumeno myepesi ya kubebeka, ya uzito wa kilo 25 hadi 45, yenye meza ya aluminiamu na mota ya makaa kama ile ya drili ya mkono. Mota hiyo hupiga kelele kali na makaa yake huisha, lakini huwaka bila kuvuta ampea nyingi kupita kiasi, huvumilia jenereta ndogo, na makaa yenyewe hubadilishwa kwa fedha kidogo. Kuna misumeno ya kati, yenye mota ya indaksheni inayozungusha diski kwa mkanda, meza ya chuma cha kusubu na uzito unaozidi kilo 100. Kisha kuna ile mikubwa ya viwandani, ambayo mota na mhimili wake vimefungwa ndani ya kabati la chuma, na ambayo hufika kilo 200 na zaidi. Mashine hizi za mwisho ni nzuri sana, sina neno baya juu yake. Zikishapangwa hukaa zimepangwa, na mtu anayepasua mbao nene kila siku atazifurahia. Lakini mwenye nyumba iliyo bondeni, ambako hakuna gari linalofika na kila kitu hushushwa kwa mabega ya watu kwenye njia ya miguu inayoteleza wakati wa mvua, afikirie wale watakaoibeba kabla hajatoa fedha yake.

Kuhusu mashine zilizotumika zinazotoka Ulaya, ambazo nyingi ziliwahi kufanya kazi katika shule au viwanda, nina mengi ya kusema, maana ndizo zinazowavutia watu kwa bei. Nyingi ni za faza tatu, yaani umeme wa viwandani, na nyumba zetu nyingi zina faza moja. Mnunuzi apige magoti, afute vumbi kwenye kibandiko cha mota na kukisoma. Kikiandikwa volti 220/380 au 230/400, mota hiyo inaweza kufungwa kwa mtindo wa pembetatu na kuendeshwa na kibadilisha mwendo cha elektroniki kinachopokea faza moja ya volti 220 na kutoa faza tatu za volti hizohizo. Gharama inaongezeka, lakini njia ipo. Kikiandikwa 400/690, njia hiyo haipo kwa urahisi, na ni afadhali kuiacha mashine hiyo kwa mwenye kiwanda. Mashine zinazotoka Marekani zina shida nyingine: nyingi ndogo ni za volti 120, zikichomekwa katika umeme wetu zinaungua palepale, na zile za indaksheni zilizotengenezwa kwa mizunguko 60 huenda polepole zaidi kwenye mizunguko 50, yaani mota ya mizunguko 3,450 kwa dakika hugeuka kuwa ya 2,850 hivi. Mtu akiambiwa na muuzaji kwamba kifaa kidogo cha kubadili volti kitamaliza kila kitu, aulize kifaa hicho kinabeba wati ngapi.

Nikishasema hayo ya umeme, nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni ulimi. Ulimi ni kile kipande cha chuma chembamba, chenye umbo la mwezi mchanga, kinachosimama nyuma ya diski na kuingia katika nafasi iliyokatwa ili ubao usifunge tena. Katika misumeno mizuri ulimi huo hupanda, hushuka na kulala pamoja na diski, ukibaki milimita chache tu kutoka kwenye meno. Watu wengi hapa mjini hawajui kazi yake. Nimeona karakana nyingi ambako ulimi umefunguliwa na kutupwa chini ya benchi, na mwenye karakana akaeleza kwamba ulikuwa unamzuia kazi.

Mimi huwaeleza wanafunzi wangu hivi. Meno yaliyo mbele ya diski, upande wako, hukata kuelekea chini, na kwa hiyo huubana ubao kwenye meza na kukusaidia. Meno yaliyo nyuma hupanda kutoka chini ya meza na kuja juu kukuelekea wewe. Ubao ukiyagusa meno hayo ya nyuma, hunyanyuliwa na kurushwa kwa kasi ya meno yenyewe, na kasi hiyo si ndogo: diski ya milimita 250 inayozunguka mara 2,850 kwa dakika ina meno yanayokwenda karibu mita 37 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 130 kwa saa, na kwenye misumeno myepesi inayozunguka mara 4,800 kasi hiyo hupita kilomita 220 kwa saa. Ubao ukiruka, mkono uliokuwa umeushika huvutwa kuelekea diski. Hivyo ndivyo vidole vingi vinavyokatika; si kwamba mtu alikuwa mzembe akapeleka mkono wake kwenye meno.

Na mbao zetu ndizo zinazohitaji ulimi kuliko mbao nyingine nyingi. Mkalitusi, ambao umepandwa kwenye vilima vyote vinavyouzunguka mji na ambao ndio unaopatikana kwa bei nafuu, hukua ukiwa na mkazo mkubwa ndani ya shina lake. Ubao wa mkalitusi ukipasuliwa katikati, mara nyingi nusu mbili hazitulii mahali pake: ama hufunguka kama mdomo, ama hufungana nyuma ya diski na kuibana. Simama kando ya mashine uangalie kwa makini mtu akipasua ubao wa mita mbili ulio mbichi bado. Mita ya kwanza inakwenda bila tatizo. Kisha sauti ya mota inashuka, vumbi linalotoka linakuwa jekundu zaidi, moshi mdogo unatokea nyuma ya diski, na ule mstari uliokatwa, ambao ulikuwa na upana wa milimita tatu, unaonekana umebaki na upana wa unywele. Kama ulimi upo, mbao mbili hubana chuma kisichozunguka, na mtu anaweza kuzima mashine, kupachika kabari ndogo na kuendelea. Kama ulimi haupo, zinachobana ni meno yenyewe.

Kwa hiyo anayenunua msumeno usio na ulimi, hata uwe na mota ya namna gani, amenunua mashine isiyokamilika. Tena ulimi lazima ulingane na diski: uwe mwembamba kuliko upana wa meno na mnene kuliko bamba la diski. Diski ambayo meno yake yana upana wa milimita 3.2 na bamba la milimita 2.2 huhitaji ulimi wa milimita 2.5 hivi, ukiifunga diski nyembamba kwenye mashine yenye ulimi mnene, ubao utagota nyuma ya diski na hautaendelea, na hapo ndipo wengi hukasirika na kuufungua. Mara nyingi unene huo umechorwa kwenye ulimi wenyewe. Kifuniko cha plastiki au cha chuma kinachokaa juu ya diski kibaki pia, isipokuwa katika kazi chache sana zisizoruhusu, na kijiti cha kusukumia kining'inizwe mahali ambapo mkono unakifikia bila macho kukitafuta.

Baada ya ulimi huja upau wa kuongozea ubao, ule unaokaa upande wa kulia na kuamua upana wa kipande kinachopasuliwa. Upau mzuri ukifungwa hukaa sambamba na diski, mbele na nyuma, bila kuhitaji kugongwa kwa nyundo ili unyooke. Hili ni rahisi kupima hata dukani. Weka alama ya chaki kwenye jino moja, lipeleke mbele, pima umbali wake hadi ukingo wa mfereji uliochongwa kwenye meza. Kisha zungusha diski kwa mkono ulileta jino hilohilo nyuma, upime tena. Namba hizo mbili zilingane, au zitofautiane kwa sehemu ya kumi ya milimita tu. Kisha funga upau na upime umbali wake hadi mfereji huohuo, mbele na nyuma. Upau ukikaribia diski upande wa nyuma, hata kwa milimita moja, ubao utabanwa kati ya upau na meno yanayopanda, na tumekwisha kuona meno hayo yanafanya nini. Ningemshauri mtu achukue msumeno wa mota ndogo wenye upau ulionyooka kuliko msumeno mkubwa ambao upau wake unacheza, kwa sababu mota ndogo inahitaji tu kusukuma ubao polepole, lakini upau unaocheza hauna dawa ya uvumilivu.

Sitaki kuwapita wenzangu wanaotumia meza zilizochomelewa na mafundi wetu wenyewe, zenye fremu ya chuma cha pembe, mota ya chini na mkanda. Mashine hizi zimelisha familia nyingi katika mji huu, na fundi chuma hodari anaweza kutengeneza mhimili wa beringi mbili unaozunguka vizuri kabisa. Ninachoomba ni kwamba fundi huyo aagizwe pia ulimi unaopanda na diski, kifuniko cha mkanda, na swichi inayofikiwa kwa goti au kwa mkono wa kushoto bila kuinama juu ya meza. Vitu hivyo vitatu haviongezi chuma kingi. Ile desturi ya kuugeuza msumeno wa umeme wa mkononi miguu juu chini ya ubao, kufunga kidude cha kuwashia kwa waya na kuuita msumeno wa meza, naipinga moja kwa moja, kwa sababu hauna ulimi, hauna upau wa kuaminika, na hauwezi kuzimwa mtu akipata shida.

Ukubwa wa diski, ambao msomaji mwenzangu aliuweka mbele, mimi nauweka karibu na mwisho. Diski ya milimita 250 au 254 hukata kina cha kama milimita 80 ikiwa imesimama wima, na hiyo inatosha miguu ya meza, fremu za milango, madirisha na karibu kila kinachotengenezwa nyumbani. Diski ya 315 ina faida kwa anayepasua magogo yaliyochongwa, lakini inahitaji mota kubwa, na tumeshaona umeme wetu unasemaje juu ya mota kubwa. Jambo lenye maana zaidi ni tundu la katikati. Mashine za Ulaya kwa kawaida zina mhimili wa milimita 30, za Marekani wa inchi 5/8, yaani karibu milimita 16, na mashine nyingine zina wa milimita 25.4. Kabla ya kununua mashine, zunguka kwenye maduka ya mjini uone ni diski za tundu gani zinazopatikana, uangalie pia kwamba mizunguko ya juu iliyoandikwa kwenye diski inazidi mizunguko ya mashine yako.

Kwa kuanzia, diski moja nzuri ya meno 40 yenye ncha za kabidi, kitu kigumu kuliko chuma, inatosha, na baadaye aongeze ya meno 24 kwa kupasua na ya meno 60 au 80 kwa kukata tripleksi (plaiwudi) na kukata kukingama. Wengine watauliza kwa nini wasibaki na diski za chuma za zamani, zinazonolewa kwa tupa nyumbani. Jibu lake liko ndani ya muvula, yaani mvule. Mti huo, tunaoupenda kwa milango kwa sababu wadudu hawauwezi, huficha ndani yake mawe madogo ya chokaa ambayo hayaonekani nje, na jiwe moja linatosha kuharibu meno ya chuma yaliyonolewa asubuhi ileile. Kabidi nayo huweza kumeguka ikikutana na jiwe kubwa, lakini katika mbao ngumu za kawaida hukaa muda mrefu zaidi sana. Ubaya wake ni kwamba hainolewi kwa tupa, inataka jiwe la almasi, kwa hiyo mnunuzi aulize mapema ni fundi gani anayelo.

Vumbi nalitaja kwa ufupi, si kwa sababu ni dogo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na karakana ya nyumbani mara nyingi iko hatua chache kutoka mahali watoto wanapolala. Mashine iwe na mdomo wa kutolea vumbi, madirisha yawe wazi, na barakoa ivaliwe, hasa kwa muvula ambao vumbi lake huwasha pua na ngozi. Kelele nazo ziwekwe kwenye hesabu, kwani viwanja vya nyumba zetu vimegusana. Msumeno wa mota ya makaa utasikika kwa majirani wote, na ni heshima kuwaambia saa za kazi kabla hawajalalamika.

Wapo wanaoniuliza kuhusu ile misumeno ya Marekani iitwayo SawStop, iliyobuniwa na Steve Gass na kuanza kuuzwa mwaka 2004, ambayo hupitisha umeme mdogo kwenye diski, na umeme huo ukibadilika kwa kugusa ngozi huisimamisha diski ndani ya milisekunde 5. Ni uvumbuzi mkubwa, na nautamani uenee. Nchini Marekani kwenyewe hesabu za serikali zimekuwa zikitaja majeruhi wa misumeno ya meza takriban 30,000 kwa mwaka, kwa hiyo haja ipo. Lakini breki hiyo ikifanya kazi mara moja, kisanduku chake lazima kibadilishwe na mara nyingi diski nayo, mbao mbichi sana zinaweza kuiamsha bure, na vipuri itabidi viagizwe kutoka mbali. Mwenye uwezo wa kuviagiza na afanye hivyo. Wengine wetu tusisubiri, kwa sababu ulimi, kifuniko na kijiti vinaweza kupatikana leo.

Nikiulizwa basi mtu wa Bukavu mwenye karakana ndogo nyumbani anunue nini, ninajibu kama ifuatavyo. Ambaye daftari lake linaonyesha umeme unaoshuka chini ya volti 190 kila siku, au anayetegemea jenereta, au ambaye nyumba yake haifikiwi na gari, anunue msumeno wa kubebeka wenye mota ya makaa, diski ya milimita 250 au 254, ulimi unaopanda na diski, na upau unaofungwa mbele na nyuma. Na tripleksi zake nzima azikate sakafuni kwa msumeno wa mkononi unaofuata ubao ulionyooka, asihangaike kuzisukuma juu ya meza ndogo. Ambaye umeme wake ni tulivu, waya wake ni mnene na ana sakafu ya saruji, achukue msumeno wa kati wa indaksheni wa faza moja, wa kilowati 1.5 au 2, wenye meza ya chuma cha kusubu, na aipake meza hiyo nta ya mshumaa mara kwa mara, kwa maana unyevunyevu wa ziwani unailetea kutu upesi. Kile kifaa cha kusawazisha volti, ambacho wengi hukiita stabilizateri, hakitibu umeme dhaifu wa mtaa mzima. Kama kitanunuliwa, kiwe kinabeba ampea za kuwasha, na hivyo vya aina hiyo ni ghali.

Na siku ya kununua, mnunuzi aende na mraba wake wa kupimia pembe, rula ya chuma, multimeta na ubao mmoja wa mkalitusi. Aweke rula kwenye meza kwa pembe zote mbili aone kama mwanga unapita chini yake. Aushike mhimili kwa vidole, mashine ikiwa imechomolewa, auvute juu na chini. Ukicheza, beringi zimekwisha. Ainyanyue diski hadi juu, ailaze hadi nyuzi 45, airudishe, kisha apime kwa mraba kama imesimama wima tena. Aombe mashine iwashwe, ahesabu inachukua muda gani kusimama baada ya kuzimwa, kwa sababu mashine zinazofuata kanuni za Ulaya hazipaswi kupita sekunde 10. Mwisho apasue ubao wake mwenyewe, ulimi ukiwa mahali pake.

Ninawaomba wauzaji wa mjini, kupitia gazeti lako, waruhusu majaribio hayo dukani kabla ya kupokea fedha, na wanapofungua makasha yanayotoka Dar es Salaam, Kampala au Dubai wasiutenganishe ulimi na mashine yake ili kuuza vipuri kando. Nao wakuu wa shule za ufundi ningewaomba waanze somo la msumeno wa meza kwa kumfundisha mwanafunzi kuufunga ulimi na kuupima, kabla hajagusa swichi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Seremala, Kadutu, Bukavu